Risasi Mbili za Verlon Stidham

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, hakuna aliyewahi kufyatua risasi kwenye kilima cha Verlon Stidham kabla ya Verlon mwenyewe. Majirani walipanda na magari yao, wakapanga sufuria za maharage mezani, wakatia vizibo masikioni, wakasubiri. Verlon alitoka nyumbani na mkebe wa chakula aliokuwa akishuka nao mgodini, akaufungua taratibu kama mtu anayefungua zawadi ya mwenzake, na ndani yake, juu ya kitambaa cha flana, ililala ile bastola.

Ilikuwa ndogo, yenye sura mbaya, na ilimimina risasi thelathini na mbili kabla hujamaliza kutaja jina lako na la baba yako. Ukibana kifyatulio haikusubiri ukibane tena. Verlon aliinunua mwaka 1984, na alikuwa na karatasi zake zote za serikali. Alikuwa fundi wa mashine za mgodi wa makaa ya mawe kwa miaka thelathini na moja, akilala chali kwenye matope kutengeneza mitambo mikubwa kuliko nyumba yake. Kilichomteka ni kwamba vipande vichache vile vya chuma, ambavyo vyote vingeingia kwenye kofia, viliweza kwenda kasi namna ile bila kugongana. Ikilia, ungedhani mtu anachana shuka jipya. Mashemasi wa kanisa, watu wazima wenye mvi, wakishaipiga walicheka kama watoto waliotekenywa.

Lakini Verlon hakuwa mjinga. Alijua kwamba chombo kile ni chepesi, hakina kitako cha kuegemeza begani, na kila risasi inausukuma mdomo wake juu kabla mkono haujatulia kutokana na ile iliyotangulia. Asiyeizoea hushtuka, na akishtuka hukaza vidole badala ya kuviachia. Bastola huendelea kumimina huku ikipanda na kuwageukia watu. Kwa hiyo aliweka sheria moja. Mkono asioujua alikuwa akiupa risasi mbili tu, naye husimama nyuma, kiganja begani mwa mpigaji, mpaka aridhike. Hata mchungaji hakuiepuka.

"Mbili tu? Verlon, mimi nilikuwa jeshini!"

"Jeshini walikupa kitako, mchungaji. Hapa nakupa mbili."

Mchungaji alinuna mpaka Krismasi.

Mwaka huu mkono wenye matatizo ulikuwa wa Verlon mwenyewe. Asubuhi moja ya Agosti kikombe cha kahawa kilimponyoka, mdomo ukaenda upande kwa dakika kadhaa, kisha ukarudi. Mkono wa kulia haukurudi wote. Hakumwambia mtu. Aliacha mashati ya vifungo akawa anavaa fulana. Aliacha kula nyama, akasingizia meno. Kifo hakikumtisha sana, maana mtu aliyeingia chini ya mlima kila siku alikwisha kupatana nacho. Alichoogopa ni kuwa yule babu anayekalishwa pembeni na kufutwa mate. Akajiambia kwamba Oktoba akiipiga magazini nzima, kile kikasha chote cha risasi thelathini na mbili, bila kutetereka, basi yuko salama. Kama fundi mwenzake angejaribu mashine mbovu kwa njia hiyo, Verlon angemfukuza kazi siku hiyohiyo.

Mkewe, Orpha, alikwisha kuona. Mwanamke aliyekufulia mashati miaka arobaini na sita hahitaji daktari amweleze kwa nini ghafla hakuna mashati ya kufua. Alimwuliza mara moja tu, akabwatukiwa, akanyamaza. Verlon alidhani ameshinda.

Siku ilipofika, alipanda kilimani akakuta kitu kimebadilika.

"Meza imekwenda wapi?"

Miaka yote meza ya chakula ilikaa upande wa kushoto wa mpigaji, nyuma kidogo, na majani ya pale yalikuwa yamekufa kwa kukanyagwa. Sasa ilikuwa nyuma ya ghala la mawe, na watu wote huko.

"Nyigu," alisema Orpha.

"Na baridi hii ya Oktoba?"

"Nyigu hawana kalenda, Verlon."

Dewey Caudill, jirani yao na rafiki wa Verlon tangu mgodini, alichungulia kwenye kona ya ghala. "Mimi sijaona nyigu, nimeona keki ya matufaha. Piga, bwana wee, njaa inaniua!"

Verlon alifungua mkebe. Magazini ilikuwa tayari kando ya bastola.

"Nimekujazia," Orpha alisema.

Alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu kidole gumba chake kisingeweza tena kusukumia risasi ndani. Akaipachika bila kuikagua, yeye aliyekagua kila kitu maisha yake yote. Mkono ungekuwa mzima ungeutambua uzito papo hapo.

Alisimama chini ya kibanda cha bati, akauelekeza mdomo wa bastola kwenye ukingo wa udongo. Ndipo akahisi kiganja kwenye bega lake la kulia. Orpha alikuwa nyuma yake.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimesimama."

"Mimi si mgeni, Orpha."

"Basi piga."

Akapiga. Risasi ya kwanza ilitimua vumbi kwenye udongo. Vidole viwili vya chini vikaachia, bastola ikaruka juu, na ya pili ikatoboa bati juu ya kichwa chake. Mkono haukusimama. Uliendelea kwenda kushoto na kurudi nyuma kana kwamba si wake, huku kidole kingine kikiwa kimeng'ang'ania kifyatulio, asiweze kukiondoa. Ulipotulia, mdomo wa bastola ulikuwa ukitazama majani makavu, pale meza ilipokaa miaka kumi na tisa.

Kimya. Bastola haikutoa kitu tena.

Orpha alikibandua kidole chake, akaiweka bastola juu ya benchi.

"Ulitia ngapi?" Verlon aliuliza.

"Mbili."

"Orpha..."

"Sheria ni yako. Mkono usioujua unaupa mbili. Na huo mkono mimi siujui. Tangu Agosti siujui."

Verlon akakaa chini. Alitazama yale majani, akamwona Dewey na sahani yake, akawaona mashemasi na mchungaji na kinyongo chake, wote pale ambapo hawakuwepo. Hakuna aliyekufa. Alilisema kwa sauti: "Hakuna aliyekufa." Kisha akacheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu kile kikombe kivunjike. Akamsimulia Orpha kila kitu, kikombe, mdomo, vifungo.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari," Orpha alisema.

"Utapata wapi nafasi ya Jumatatu?"

"Niliiomba tangu Septemba."

Dewey alitoka nyuma ya ghala, akatazama juu, mahali jua lilipopenya kwenye tundu. "Mzee, umeliua paa."

Verlon aliirudisha bastola kwenye mkebe, akautia kufuli, akampa Orpha ufunguo. Mwaka ule hakuna mwingine aliyepiga, na hakuna aliyelalamika.

Mezani wakamwekea kipande kinene cha paja la nguruwe. Alikitazama, akakitazama na kisu, halafu mbele ya watu wote akaisukuma sahani kwa mkewe.

"Nikatie."

Dewey akaisukuma na yake.

"Na mimi nikatie, shemeji."

"Wewe una mikono miwili mizima!"

"Siijui hii mikono, shemeji. Siijui kabisa."

Verlon ndiye aliyecheka kwanza. Orpha akamkatia vipande vidogovidogo, akamrudishia sahani, kisha akaanza ya Dewey.