Niling'oa jino zima, kumbe mgonjwa ni taya

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Naishi Minneapolis, maeneo ya Phillips, natunza wazee huko Anoka. Haya yalinikuta mwenyewe na sitaficha hata ya aibu.

Ni enzi zile magrupu ya WhatsApp ndiyo kwanza yamepamba moto. Nikaanza kuumwa upande wa kulia, karibu na sikio. Asubuhi taya limekaza, nikipiga miayo linalia "ko!" Kichwa nacho kinagonga.

Nikauliza kwenye grupu la Watanzania wa hapa. Madaktari wote wa grupu, ambao hakuna hata mmoja aliyesomea, wakaamua ni jino.

Nilikuwa naenda likizo Morogoro, nikang'oa huko huko. Daktari aliniambia jino halina tatizo. Mimi ndiye niliyembana alitoe.

Nikarudi na pengo, maumivu yako palepale. Nikajua basi ni jino la jirani yake. Nikabook appointment ya Jumatatu nalo litoke.

Jumamosi, siku mbili kabla, tukawa na mazoezi ya kwaya. Mwalimu wetu ni mama wa Kikongo, mkali kweli. Kabla ya kuimba, kila mtu anaweka vidole vitatu wima kinywani, mwalimu aone kama umefungua vizuri.

Mimi viliingia viwili, kwa shida. Taya likaenda upande, "ko!"

"Papa Neema, ile hapana jino! Ni mâchoire," akasema, ameshika taya langu mbele ya soprano wote. "Using'oe tena, unasikia?"

Jumatatu nikamwomba dentist akague taya kwanza. Akabonyeza misuli ya shavu, nikaruka. X-ray ikaonyesha meno yote mazima. Tatizo ni kiungo cha taya, wenyewe wanaita TMJ.

Akauliza natafuna nini. Wakuu, nikawa mpole. Bigijii, hizi chingamu, pakiti nzima kila siku nikidrive kwenda kazini. Mifupa ya kuku siachi, nasaga yote. Na mke wangu, niliyekuwa nimekuja naye, akathibitisha kwamba usingizini nasaga meno.

Nikapewa kinga ya plastiki ya kuvaa nikilala, kitambaa cha moto shavuni, vyakula laini, na mazoezi ya kufungua kinywa polepole ulimi ukiwa juu kwenye kaakaa. Bigijii marufuku. Mifupa marufuku (hapa ndipo nilipoumia kweli).

Miezi mitatu tu, vidole vitatu hivyooo, ndani, mbele ya kwaya nzima! Mwalimu akapiga vigelegele, akanipa solo. Niliimba huku machozi yananitoka kwa furaha, na sioni haya kusema.

Nilichojifunza: ukiumwa karibu na sikio, taya likalia au kukwama, usikimbilie koleo. Taya likaguliwe kwanza.

Lile jino la pili ninalo mpaka leo, zima kabisa. La kwanza nalo lilikuwa zima, na niliomba mwenyewe litolewe.

Mliosomea mnikosoe. Na wewe mwenye appointment ya kung'oa wiki hii, andika hapa kabla hujaenda.