Kaburi ambalo sikuuliza ni la nani

Mimi huona haya hata kuomba chumvi mezani, lakini klabu yetu ya uanahabari ilinipa kazi ya utafiti. Nilitumwa Dundori kabla ya siku ya kamera, niandike mpango wa filamu kuhusu wakulima wa viazi. Nilimkuta Mama Njeri akipalilia peke yake. Kando ya lango palikuwa na kaburi lenye maua. Nilishindwa kumuuliza. Nikaandika tu: "Ni mjane."

"Una uhakika?" mwalimu wetu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu, eti mtafiti.

Kwa hivyo siku ya kamera tulimuuliza mambo ya viazi pekee, tusimtoneshe kidonda.

Jana, siku ya wazazi, filamu ilionyeshwa ukumbini. Sauti yangu mwenyewe ikasema, "Tangu mumewe afariki, mama huyu hulima peke yake." Mama Njeri, mgeni wetu, akainamisha kichwa. Mzee aliyeketi kando yake akavua kofia, akasimama polepole.

"Mimi ndiye bwana yake. Nafanya kazi Naivasha, kwa mashamba ya maua. Hapo langoni tulimzika Njeri, binti yetu." Akanitafuta kwa macho. "Msichana, si ungeuliza tu?"