Kisanduku cha Baba

Juzi tulimzika mtaalamu wa kompyuta wa kanisa letu la Buruburu. Mhubiri alimsifu kwa unyenyekevu, nami nikainama kama ninayesali, maana nilikuwa nacheka. Marehemu alikuwa na mema mengi, lakini unyenyekevu haukuwamo. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini alijitolea kuingiza vyeti vyote vya ubatizo kwenye kompyuta. Hakutaka kuvinakili tu. Kila cheti alikigawa visanduku: mtoto, mama, baba, msimamizi, ili mtu akiuliza swali moja, mashine ipekue vyeti vyote na kuleta vinavyohusika. Sisi wanakamati, ambao hata kuiwasha hatukujua, tulitikisa vichwa kwa busara. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kisanduku kitakachobaki kitupu. Cheti chenye pengo, alisema, ni uchafu.

Siku moja akaja mama mmoja mshonaji. Bintiye alikuwa anaingia kidato cha kwanza na shule ilitaka cheti kipya. Kwenye daftari la zamani padre alichora kistari mahali pa baba, yakaisha. Mashine ilikataa.

"Mama, si mimi. Ni system inakataa."

"Inataka jina la mwanaume? Si uweke lako! Kwani litaisha?"

Mtu mwingine angeirekebisha mashine. Yeye aliweka jina lake. Habari zikaenea, akina mama wengine wakaja, naye, kuliko kuharibu mpango wake, akaendelea kuzaa kwa kibodi. Ikafika Jumapili ya kutuonyesha kazi yake. Ukumbi umejaa, mwenyekiti akamwomba aulize kuhusu mtu tunayemjua. Kwa majivuno akaandika jina lake mwenyewe. Tulijua ana watoto wawili. Vikatoka vyeti kumi na vitatu, na akina mama tisa.

Mkewe alikuwa safu ya mbele. "Baba watoto," akauliza polepole, "hawa wengine ni wa nani?"

Kuifanya mashine ikubali kisanduku kitupu, kazi aliyokuwa akiapa kwamba haiwezekani, aliimaliza alasiri hiyohiyo, chai yake haijapoa. Majina yakafutwa, visanduku vikaachwa wazi, na kamati ikapiga makofi. Nilicheka kuliko wote, na leo naona aibu kusema hivyo. Kwa maana wiki hiyo mshonaji alirudi, nami nilikuwepo ofisini, na mke wa marehemu pia, amemletea mumewe chakula.

"Binti yangu anajua hukumzaa," mama yule alisema. "Lakini hicho cheti anakisoma kila jioni. Sasa umemfuta kwenye mashine. Nikamwambie nini?"

Ni mkewe aliyesema, "Huyo mrudishe."

Akamrudisha. Msichana huyo, sasa mtu mzima, juzi alitupa udongo kaburini pamoja na watoto wale wawili, na hakuna aliyemzuia. Kamati yetu ilijivunia mashine ya kujibu maswali, na kwa miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mtoto yule anataka kuandikwa nini. Ninyi mnaotutengenezea fomu maofisini, anzeni hapo.