Jabali Lililochukua Sauti Yangu

Niamini au usiniamini, ila usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua la utosi, na darasa zima lilikuwa mbele yangu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu ualimu pwani, serikali ya Mdachi ikanileta hapa Dodoma. Mimi ni mtu wa wasiwasi; hata chaki ikikatika hujiuliza ina maana gani. Mkaguzi Mzungu alitaka watoto wafundishwe nje, waone mambo kwa macho yao. Wenzangu waliwapeleka kutazama reli. Mimi nikawaza weee, mwisho nikawapeleka kwenye majabali, njia ya kwenda Mvumi, wajifunze mwangwi.

"Mbukwa!" nikalipigia jabali salamu ya Kigogo, ile ya kumsalimu mtu mmoja, watoto wakacheka.

"Mbukwenyi!" likajibu.

Watoto wakaacha kucheka. Hiyo ni salamu ya kuwasalimu watu wengi, na mwangwi haubadili neno. Nikajiambia, wewe mtu wa pwani, Kigogo umekijulia wapi? Umesikia vibaya. Nikaendelea kuita majina yao, jina baada ya jina, nalo likayarudisha.

"Jiwe hili lina akili kumshinda Ndahani," akasema Madeje, msichana mwenye mdomo. "Limeshika majina yote siku moja!"

Wakacheka tena, hata Ndahani mwenyewe, mdogo kuliko wote.

Nikainua kibuyu ninywe maji. Maji yako mdomoni, je, mtu anaweza kuita? Basi nikasikia sauti yangu, yangu kabisa, na lafudhi yangu ya pwani, ikitoka kwenye ufa wa jabali: "Ndahani!"

"Hapa!" akaitikia mtoto, akaanza kwenda. Shuleni tulimfundisha hivyo kwa kiboko: ukiitwa, itika, uje mbio.

"Ndahani, rudi!" nikapiga kelele.

"Ndahani, rudi!" ikasema ile sauti, kwa upole kunishinda. Mtoto akageuka huku na huku, kisha akaufuata upole.

Madeje akanivuta kanzu. "Mwalimu, nyamaza! Unalipatia maneno!"

Nikafumba mdomo, nikakimbia. Bega lake moja lilikwishaingia ufani nilipomkamata kiuno. Kitu kilikuwa kinamvuta. Si kwa nguvu, niamini. Kama mzazi anavyomshika mwanawe mkono. Na humo gizani nikamwona mtu mwenye kanzu kama yangu, maji yakimchuruzika kidevuni, kama mimi.

Tukaangukia nje, mimi na mtoto.

Ndahani yu hai, anachunga ng'ombe wa baba yake. Lakini haitiki jina lake tena, hata mama yake amwite huku analia. Mpaka aguswe. Nami ualimu nimeuacha, maana mwalimu asiyethubutu kuita majina ni mwalimu gani?

Wachungaji huniuliza, "Mwalimu, jana mchana ulikuwa unamwita nani kule majabalini?" Jana nilikuwa nyumbani, mlango nimeufunga.

Kwa hiyo nakuambia wewe: mimi siiti mtu. Nikikuhitaji nitakuja mpaka ulipo, nikuguse. Ukisikia sauti yangu inamwita mwanao, mzibe masikio.