Ngoma za Televisheni Kwenye Harusi ya Resian

Sisi Wamasai hatupigi ngoma. Tunaimba kwa koo tu: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na asipoitikiwa hakuna wimbo. Hapa Kitengela, mwimbishaji wa akina mama alikuwa jirani yangu Nalangu.

Mwaka 2001 walikuja watu wa televisheni kutoka Nairobi. Walimsikiliza, wakasema wimbo umepoa, watazamaji watalala. Basi wakaleta wapiga ngoma wao, wakawapanga nyuma ya wanawake, wakarekodi. Nalangu alikubali kwa sababu mgeni hafukuzwi. Mimi ningewafukuza mchana kweupe!

Kipindi kilirudiwa na kurudiwa hadi wasichana wetu wakaamini ndivyo tulivyo. Hakuna aliyekuja tena kujifunza kuitikia. Na wanawake waliozoea kumwitikia Nalangu wakauza mashamba, wakahamia mbali.

Miaka mitatu baadaye binti yake, Resian, akaolewa na Mumo, kijana Mkamba. Mama ya Mumo, Kavutha, mtu wa roho safi kabisa, alifika na ngoma tatu.

"Mama Resian, tuliona kwa TV vile nyinyi huimba," alisema kwa furaha. "Tukasema hatuwezi kuja mikono mitupu."

"Ashe oleng, asante sana," Nalangu akajibu. "Lakini wacha zikae chini kwanza. Mtoto wangu hatatoka na kelele ya televisheni."

Kwetu bibi harusi haondoki bila kuimbiwa baraka, na akishaanza kutembea hageuki nyuma. Akigeuka, amejiletea mkosi.

Resian alitoka ameinamisha kichwa, akaelekea langoni polepole. Nalangu akaanzisha wimbo.

Hakuna aliyeitikia.

Wasichana walitazamana, kisha wakazitazama ngoma, wakingoja zilie. Mimi ni mwanamume, wimbo ule si wangu. Nilisimama na rungu langu, nikiwa na hasira ya kuweza kupasua televisheni zote za Kajiado.

Nalangu akaanzisha tena, asiitikiwe. Resian akasimama. Bega lake likaanza kugeuka.

"Usigeuke, mama!" Nalangu akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Enda tu. Hawa hawajui kuitikia."

Resian hakugeuka. Akiwa ametazama lango, akauitikia yeye mwenyewe wimbo wa kumuaga, peke yake, akaenda akiimba.