Wifi wa Mama Buti

Hospitalini walimwita Mama Buti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kazini bila buti zake za mpira. Alikusanya taka za wodini na kuzipeleka kwenye tanuri la kuchomea, nyuma ya chumba cha kufulia. Mifuko myekundu ilikuwa ya bandeji na vitu vyenye damu, myeusi ya taka za kawaida. Sindano zilikuwa na maboksi yao magumu. Kazi aliipenda. Aliyeichukia ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, kaka yangu amekukosea nini?" alikuwa akisema kila akija kuwatembelea. "Mbona unataka kumletea magonjwa ya watu mpaka kitandani?"

Wote walicheka, ila Mama Buti alijua nusu ya utani ule ni kweli.

Asubuhi moja aliinua mfuko mweusi kutoka wodi ya wazazi, akahisi kitu kimemchoma pajani. Kutazama, ni sindano, imetokeza nje ya plastiki. Muuguzi wa zamu akamkimbiza bombani, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, kisha wakaenda kwa daktari apimwe damu na aanzishiwe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI.

"Mfuko ule niliufunga mimi," muuguzi alisema njiani. "Nisamehe, dada."

"Nishike mkono kwanza. Hayo mengine baadaye."

Dawa zilimlegeza. Chakula hakikai tumboni, usingizi hauji, na mumewe yuko safari ya kazi. Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa wifi, na begi la nguo.

"Usijidanganye, sikukufuata wewe," alisema huku akivua viatu. "Nimekuja kuangalia kama kaka yangu bado ana mke."

Akakaa mpaka dozi ikaisha. Alipika, alifua, alimshikia beseni akitapika, wala hakukunja uso. Siku ya majibu ya kipimo cha mwisho walikwenda pamoja. Daktari alipotamka kwamba yu salama, aliyeangua kilio ni wifi, mpaka mgonjwa akawa ndiye wa kumbembeleza.

Mama Buti alirudi kazini. Muuguzi yule siku hizi hatembei wodini bila boksi la sindano kwenye toroli lake. Na Mama Buti akiulizwa aliponaje, huzitaja dawa, huutaja mkono wa muuguzi. Kisha humtaja wifi, aliyemshikia beseni bila kukunja uso.