Nepia Tuliyong'oa

Laiti ningemkatalia ndugu yangu siku ile aliponishawishi tung'oe nepia kwenye kingo za matuta. Shamba letu hapa Kibugu limeinama sana, na marehemu baba alipanda nyasi hiyo ili ishike udongo wakati wa mvua. Ndugu yangu alitaka tupande viazi hadi ukingoni.

"Una ng'ombe mmoja tu," alinicheka. "Nyasi yote hii unamlishia nani? Ama unakula wewe?"

Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe mlangoni mwa jiko. Hakuinua kichwa. "Nyasi hiyo ndiyo inazuia shamba lisiniingilie jikoni," alisema. "Haya, ng'oeni. Mvua ikija mtaushika udongo na mikono."

Nilimsikia vizuri. Siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Niliogopa tu ndugu yangu asije akaniona kama mtu wa kuamuliwa mambo na mkewe. Nikachukua jembe. Tuling'oa kwa siku nne.

Mvua ilichelewa msimu huo. Ilipokuja, alasiri moja, ilinikuta sokoni. Tulijikinga kwenye baraza ya duka, tukifurahi kama watoto. "Wacha inyeshe mpaka tuchoke!" nilipaza sauti, na watu wakacheka. Wakati huo matuta yangu yalikuwa yakikatika moja baada ya jingine, na tope likaangusha ukuta wa nyuma wa jiko. Majirani walimchimbua mke wangu akiwa amefunikwa hadi kiunoni, mguu umevunjika.

Nilijenga jiko upya. Nilipanda nepia tena, safu mbili. Mguu ulipona, lakini kila mawingu yalipokusanyika juu ya msitu, mke wangu alianza kukunja nguo zake. Mwishowe binti yetu alikuja akamchukua, akaenda kuishi naye mtaa wa Dallas, mjini Embu.

Kanisani tunaishukuru mvua, nami nasimama na wenzangu, masikio yakiwa kwenye mabati. Ikianza kudondoka situlii. Natoka na jembe, nazunguka kingo, narudi, nakaa, natoka tena.

Mwaka jana nilimwendea nikamwomba arudi.

"Mvua sina neno nayo, mzee," alisema, akinimiminia chai. "Wewe ulinisikia, halafu ukang'oa."

Niliogopa kuchekwa na ndugu yangu, na kwa hilo nimempoteza mke niliyeishi naye miaka arobaini. Yuko hai, yuko mjini, na hatarudi.